Mtoto yuko kwenye mashine ya kusafisha damu: kwa nini anaongezewa protini badala ya kupunguziwa?

*"Daktari, pole kwa kazi. Mwanangu wa kiume ana miezi 14, na kabla hajaugua alikuwa na kilo 10. Alianza na nimonia, maambukizi yakaingia kwenye damu, kisha figo zikagoma. Leo ni siku ya sita yuko ICU. Anapumua kwa mashine, na damu yake inasafishwa na mashine nyingine ambayo haizimwi usiku wala mchana. Analishwa kwa mpira wa puani, maziwa yangu ninayokamua, mililita 30 kila saa. Hospitali ya kwanza walituambia figo zikishindwa mtoto asipewe protini nyingi, na kwamba potasiamu ni sumu kwake. Hapa mtaalamu wa lishe ameagiza maziwa yangu yachanganywe na unga wa protini, na jana nimeona wanamwekea fosfeti na potasiamu kwenye dripu. Nani mkweli? Mikono yake imekuwa kama vijiti ilhali uso umevimba. Na kama maziwa yangu hayatoshi, niache kukamua?"*

Mama, pole sana kwa kuuguza. Nimelisoma swali lako mara mbili, na naona kwamba chini ya yote uliyouliza kuna hofu moja: kwamba chakula anachopewa mwanao kinaweza kumdhuru kwa kuwa figo zake hazifanyi kazi. Hofu hiyo ina msingi, lakini imesahau kitu kimoja kinachobadilisha hesabu yote, nacho ni ile mashine iliyo kando ya kitanda chake. Huenda hospitali zote mbili zilisema kweli. Ya kwanza ilizungumzia mtoto ambaye figo zake zimegoma na hana mashine. Ya pili inamhudumia mtoto yuleyule akiwa na mashine. Kwa upande wa lishe, hao ni wagonjwa wawili tofauti.

Ushauri wa kupunguza protini haukuzuka hewani. Mwaka 1963 na 1964, madaktari wa Italia Giordano na Giovannetti walionyesha kwamba watu wazima wenye figo zilizochakaa walipata nafuu ya kichefuchefu na uchovu walipopewa protini kidogo sana, na wakati huo kusafisha damu kwa mashine kulikuwa bahati ya wachache. Sababu yake ni rahisi kuielewa. Mwili unapotumia protini hubaki na taka yenye naitrojeni, ambayo kubwa yake ni urea, na kazi ya kuitoa ni ya figo. Figo zikigoma, urea hujaa. Ukipunguza protini inayoingia, unapunguza taka. Lakini angalia kwamba mgonjwa wa ushauri ule alikuwa mtu mzima, mwenye ugonjwa wa polepole, anayeketi mezani na kula. Mwanao ni mtoto anayekua, ana maambukizi makali, na mwili wake uko vitani.

Mwili ulio vitani hausubiri kuletewa protini. Ukikosa ya chakula huvunja ya misuli, ukachukua asidi amino (vipande vidogo vinavyounda protini) za kutengenezea kinga, za kuponyea vidonda na za kuunda sukari ya dharura. Ndiyo maana kumnyima protini mtoto mahututi hakupunguzi urea kama tunavyotarajia: taka huendelea kuzalishwa, ila sasa inatoka kwenye mapaja na mikono yake. Nimewaona watoto ambao majibu yao ya urea yalibaki juu huku wakilishwa maji ya sukari tu, na kila siku miguu yao ikizidi kuwa myembamba.

Sasa tuitazame mashine. Damu ya mwanao hupita ndani ya chujio lenye maelfu ya mirija laini kama nywele, na kuta za mirija hiyo zina vitundu vidogo mno. Upande wa pili wa kuta hupita kioevu safi. Kila kilicho kidogo kiasi cha kupenya kitundu huvuka. Kilicho kikubwa hubaki. Mashine haijui taka wala chakula, inajua ukubwa tu. Urea ina uzito wa molekuli wa 60, na asidi amino nyingi ziko kati ya 75 na 204, hivyo zote hupita bila kizuizi kikubwa. Albumini, ile protini kubwa ya damu yenye uzito wa takribani 66,000, hubaki ndani. Kwa mtoto wa kilo 10, mashine iliyopangwa kwa kiwango kinachotumika sana kwa watoto hutoa kioevu kinachokaribia lita 13 kwa siku. Ule mfuko mkubwa ambao wauguzi huumwaga mara kwa mara unaonekana kama umejaa maji matupu, lakini ndani yake mna taka pamoja na sehemu ya chakula cha mwanao. Kwa kawaida asilimia 10 hadi 20 ya asidi amino anazopewa mtoto hupotelea humo.

Kwa hiyo mashine inatupa ruhusa na inatupa deni. Ruhusa ni kwamba urea inaondolewa, kwa hiyo hatuna sababu ya kumnyima protini. Deni ni kwamba tunapaswa kulipa kinachovuja. Mtoto mzima wa afya mwenye umri wa mwanao huhitaji kama gramu 1 ya protini kwa kila kilo kwa siku. Mtoto mahututi tunamwekea angalau gramu 1.5. Akiwa kwenye mashine isiyozimwa, wengi wetu hulenga gramu 2 hadi 3 kwa kilo, yaani gramu 20 hadi 30 kwa siku kwa mtoto wa kilo 10. Nikuambie wazi kwamba viwango hivi vimetokana zaidi na kupima kinachopotea na makubaliano ya wataalamu kuliko na majaribio makubwa ya kulinganisha, ndiyo maana utakuta hospitali mbili nzuri zikitofautiana kidogo. Urea ikipanda kidogo baada ya kuongeza protini, jambo la kwanza tunaloangalia ni kama mashine inafanya kazi kwa kiwango kilichopangwa na haikusimama kwa saa nyingi. Chakula hatukigusi kwanza.

Tupige hesabu ya maziwa yako, maana hapa ndipo unga wa protini unapoingia. Mililita 30 kila saa ni mililita 720 kwa siku. Maziwa ya mama yana takribani gramu 1 ya protini katika kila mililita 100, kwa hiyo mwanao anapata kama gramu 7, wakati tunataka 20 au zaidi. Upande wa nishati, mililita hizo 720 zinampa karibu kilokalori 480, na kanuni tunazotumia kukadiria mahitaji ya mtoto mahututi wa kilo 10 hutoa jibu la karibu 560 kwa siku. Unaona basi: kwa nishati maziwa yako yanakaribia kutosha, kwa protini hayafikii hata nusu. Hiyo si kasoro ya maziwa yako. Yameumbwa kwa ajili ya mtoto mzima anayekua, hayakuumbwa kwa ajili ya mtoto anayepoteza asidi amino kwenye mfuko wa plastiki saa 24. Kuongeza maziwa mengi zaidi kungefikisha protini, lakini kungemjaza maji na nishati asiyoihitaji. Unga huongeza protini bila kuongeza ujazo. Usiuchanganye wewe mwenyewe hata ukiona ni kazi nyepesi, kwa sababu mchanganyiko mzito kupita kiasi huleta kuharisha, na unga ulioandaliwa mahali pasipo safi huleta maambukizi.

Hesabu hiyo ina tobo ambalo familia huliona mapema kuliko sisi. Kilichoandikwa kwenye karatasi si lazima ndicho kilichoingia tumboni. Maziwa husimamishwa mtoto akipelekwa kupigwa picha, akibadilishwa mpira wa kupumulia, akisubiri utaratibu fulani ambao baadaye huahirishwa. Saa sita za kusimama ni mililita 180, robo ya chakula cha siku nzima. Ukiona pampu ya maziwa imezimwa na shughuli iliyosababisha imekwisha, muulize muuguzi kwa upole itawashwa saa ngapi. Hutakuwa msumbufu.

Kuhusu nishati, zaidi si bora. Katika juma la kwanza tunaridhika tukifikia theluthi mbili ya makadirio, ambayo kwa mwanao ni kama kilokalori 370. Nishati ikizidi, sukari hupanda, ini hujaa mafuta, na mwili huzalisha kabonidioksidi nyingi ambayo mapafu yaliyougua yanalazimika kuitoa. Tena kuna nishati isiyoonekana kwenye chati ya chakula. Sitreti, ile dawa inayozuia damu isigande ndani ya mashine, nayo huchomwa na seli za mwili kuwa nishati, kama gari linavyochoma mafuta. Glukosi iliyomo kwenye baadhi ya vioevu vya mashine na kwenye dripu nayo huhesabiwa. Baadhi ya hospitali zina kifaa cha kupima oksijeni anayotumia mtoto na kabonidioksidi anayotoa, kisha kukokotoa nishati halisi anayochoma. Ni kipimo bora kuliko kanuni, ijapokuwa kwa mtoto aliye kwenye mashine hii jibu linaweza kupotoka kidogo kwa sababu sehemu ya kabonidioksidi huondoka na kioevu badala ya kupitia mapafu.

Uso kuvimba huku mikono imekonda ni mambo mawili yanayotokea kwa pamoja, na moja hulificha jingine. Uvimbe ni maji yaliyojaa kabla mashine haijaanza kuyatoa. Mikono myembamba ni misuli iliyoliwa. Ndiyo maana mizani hudanganya sana katika ICU. Mtoto anaweza kupimwa kilo 11 na nusu leo, akaonekana ameongezeka, kumbe ana kilo 10 au pungufu na maji juu yake. Uliza dozi za chakula chake zinahesabiwa kwa uzito upi. Jibu unalotaka kusikia ni uzito wake wa kabla ya kuvimba, na bahati nzuri wewe unaujua. Kipimo cha mzunguko wa mkono wa juu, kikifanywa na mtu yuleyule mara moja kwa juma, hutuambia zaidi kuliko mizani. Na ukisikia albumini yake iko chini, usidhani mara moja kwamba amelishwa vibaya, kwa kuwa albumini hushuka kwa sababu ya maambukizi yenyewe hata kwa mtoto aliyekuwa ameshiba jana.

Nakuja kwenye dripu iliyokutisha. Uliambiwa potasiamu ni sumu, na kwa mtoto ambaye figo zimegoma na hana mashine ni kweli kabisa, kwa sababu ikijaa husimamisha moyo. Lakini damu inayozungushwa kwenye chujio usiku na mchana huelekea kufanana na kioevu inachokutana nacho. Kioevu kikiwa na potasiamu kidogo, ya kwenye damu hushuka. Vioevu vingi havina fosfeti, madini mengine ya damu, kabisa, basi fosfeti ya damu huendelea kuchujwa saa baada ya saa. Ongeza na hili: mtoto aliyekuwa hali vizuri kwa siku kadhaa akianza kupata chakula cha kutosha, insulini yake hupanda na kuisukuma fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli. Njia mbili za kupoteza kwa wakati mmoja.

Fosfeti ndiyo ninayoihofia zaidi, kwa sababu hushuka kimyakimya. Bila fosfeti seli haiwezi kutengeneza nishati, na msuli unaochoka mapema ni kiwambo, ule unaovuta pumzi. Unaweza kumkuta mtoto ambaye mapafu yake yamepona kwenye picha, homa imekwisha, dawa za usingizi zimepunguzwa, lakini kila akijaribiwa kupumua mwenyewe anachoka ndani ya saa moja. Unafungua majibu ya maabara na kukuta fosfeti imeshuka kwa siku tatu mfululizo bila mtu kuigusa. Kumbuka pia kwamba fosfeti ya kawaida ya mtoto wa umri huu ni ya juu kuliko ya mtu mzima, kwa hiyo namba inayoonekana nzuri kwa babu yake inaweza kuwa pungufu kwake. Kwa hiyo dripu uliyoiona jana ilikuwa dalili kwamba wanafuatilia vipimo. Kitu ambacho kingenitia wasiwasi ni kuona inaendelea bila vipimo vya mara kwa mara.

Vitamini nitazipitia haraka. Zile zinazoyeyuka kwenye maji, hasa C, folati na tiamini, huvuja, na madini kama seleniamu na shaba hupungua mashine ikitumika kwa majuma. Huongezwa kwa kipimo. Vitamini A haivuji, tena hulundikana figo zikishindwa, na vitamini C ikizidi huacha chumvi ya oksaleti inayoweza kuziumiza figo hizohizo tunazozisubiri zirudi. Kwa hiyo chupa ya vitamini iliyonunuliwa nje ya hospitali, hata aliyeileta awe ni bibi mwenye nia njema, isiingie kwenye mpira wa puani kabla haijaonyeshwa kwa daktari.

Pengine umejiuliza, kama wengi wanavyojiuliza, kwa nini asipewe tu lishe yote kwa mshipa, ikawa imekwisha. Tumbo linalofanya kazi ndiyo njia bora, kwa sababu ukuta wa utumbo hulishwa na chakula kinachopita, na mrija wa kwenye mshipa ni mlango wa vijidudu. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lililohusisha watoto mahututi 1,440 katika hospitali za Leuven, Rotterdam na Edmonton, liligundua kwamba waliocheleweshewa lishe ya mshipani kwa juma moja walipata maambukizi mapya machache na wakatoka ICU mapema kuliko walioanzishiwa ndani ya saa 24, huku makundi yote mawili yakipewa vitamini na madini kwa mshipa. Mwanao yuko siku ya sita, na maziwa yanapita. Ningeendelea na njia ya tumbo, nikaongeza protini humo, na kuifikiria njia ya mshipa katika juma la pili ikiwa tumbo litashindwa kufikia lengo. Ningekuwa na haraka zaidi kama angekuwa na utapiamlo mkali kabla ya kuugua, jambo ambalo kwa uzito wake wa kilo 10 silioni.

Sasa sikiliza sehemu ambayo makosa hutokea. Mpango wote niliokueleza umefungwa kwenye mashine hii. Siku mashine itakapozimwa, iwe ni kwa sababu figo zimeanza kutoa mkojo, au chujio limeganda na jipya limechelewa, au madaktari wameamua kubadili njia, chakula na dripu lazima vipangwe upya siku hiyohiyo. Potasiamu na fosfeti zilizokuwa dawa saa nne asubuhi zinaweza kuwa hatari ifikapo jioni. Akihamishiwa kwenye mashine ya saa chache kwa siku chache za juma, maji, potasiamu na fosfeti zitaanza kulundikana katikati ya vipindi, na masharti uliyoyasikia hospitali ya kwanza yatarudi kwa kiasi fulani. Akihamishiwa kwenye usafishaji wa kupitia tumbo, ambao kioevu huwekwa kwenye nafasi inayozunguka utumbo na si ndani ya utumbo wenyewe, atakuwa anapoteza protini nzimanzima ikiwemo albumini, huku akifyonza sukari kutoka kwenye kioevu kilichomo tumboni. Protini yake itabaki juu, nishati ya kwenye maziwa huenda ikapunguzwa, na tumbo lililojaa kioevu linaweza kumfanya atapike. Kwa hiyo kila mara utakaposikia neno lolote kuhusu kubadili mashine, uliza swali moja: chakula chake na dripu yake navyo vimebadilishwa?

Mimi sijamwona mwanao, wala sijaona majibu yake ya leo, kwa hiyo namba nilizoandika ni za kukusaidia kuelewa mazungumzo. Hazibadilishi maagizo ya walio naye. Omba kukaa na daktari na mtaalamu wa lishe kwa pamoja, si kila mmoja kwa wakati wake, maana kutofautiana unakokusikia mara nyingi hutokana na kuwasikia wakiwa mbalimbali. Mwite muuguzi mara moja, bila kusubiri zamu ya daktari, ukiona tumbo limejaa na kuwa gumu, matapishi ya kijani, damu kwenye choo, kuharisha kulikoanza ghafla, au degedege. Baada ya kutoka hospitali, mrudishe siku hiyohiyo akivimba tena, akikojoa kidogo kuliko kawaida yake, akitapika mfululizo au akikataa kula. Hata akionekana mzima kabisa, apimwe shinikizo la damu, mkojo na kreatinini (taka ya kwenye damu inayoonyesha figo zinafanya kazi kiasi gani) kwa tarehe utakazopangiwa, kwa kuwa figo zilizowahi kugoma zinaweza kubaki na udhaifu usioonekana kwa macho.

Na kuhusu kukamua, usiache. Maziwa yako yana potasiamu na fosfeti kidogo kuliko maziwa ya ng'ombe, tumbo lililochoka huyapokea vizuri, na kinga iliyomo ndani yake hakuna unga unaoweza kuileta. Kamua kila baada ya saa tatu hivi, na usiku usipitishe saa nyingi bila kukamua, la sivyo maziwa yatapungua. Andika tarehe na saa kwenye kila chupa, na ukitoa zaidi ya anachotumia, uliza kama wadi ina friji ya kugandishia. Siku atakapotolewa mpira wa kupumulia usimweke ziwani papo hapo hata akililia, kwa sababu koo lililokaa na mpira kwa siku nyingi linaweza kupitisha maziwa kwenye njia ya hewa; omba kwanza apimwe jinsi anavyomeza. Akifaulu, anza kwa dakika chache akiwa ameinuliwa kichwa, na mpira wa puani ubaki mpaka wahakikishe anaweza kunywa kiasi kinachomtosha.